Mama Silvesta na Mafuta ya Msonobari

Tarehe 30 Juni 1986, Bibi Theopista Nyamizi, mgawa dawa wa Hospitali ya Misheni Kasombelo, anastaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na minne. Wengi wetu jina lake la daftarini tumelijua wiki hii tu, tulipokuwa tukiandaa ratiba ya sherehe. Kwetu yeye ni Mama Silvesta, na kwa bibi wa vijijini ni Mayu, yaani mama.

Aliajiriwa mwaka 1962, chumba cha kufulia. Alihamishwa kwa sababu ya pua yake. Siku moja alipita stoo ya dawa akiwa na kapu la mashuka, akasimama, akasema, "Chupa hiyo imeandikwa spiriti, lakini ndani si spiriti." Ilifunguliwa, ikakutwa ni dawa ya kuoshea sakafu. Mwezi uliofuata alipelekwa kujifunza kazi ya dawa, na mashuka akawaachia wengine.

Misonobari ya uani ilikuwa imepandwa kuzuia upepo. Mwaka 1968 upepo uliangusha matawi mengi, na Bruda Ansgar, fundi wetu wa useremala, akamwambia kwamba kwao majani yale huchemshwa yakatoa mafuta. Wakatafuta pipa, bomba la shaba na karai la maji baridi. Majani yalichemshwa, mvuke ukapita bombani, ukapoa, na juu ya maji yaliyodondoka yakaelea mafuta kidogo sana, meupe, yenye harufu iliyofika hadi wodi ya wazazi.

Wiki ya pili alikuja katibu kata na mgambo wawili. Pipa, moto, bomba: walikuwa na hakika wamekamata mtambo wa gongo. Mama Silvesta aliwaamkia, akampa katibu chupa ainuse. Alinusa kwa nguvu, akapiga chafya mara nne, machozi yakamtoka. "Hii hainyweki," aliwaambia mgambo wake. Aliondoka na chupa ndogo kwa ajili ya magoti ya mkewe.

Matumizi aliyofundisha hayakuwa mengi. Mwenye mafua aliwekewa matone mawili katika bakuli la maji ya moto, akajifukiza huku amefumba macho. Kwa mgongo na viungo, matone matano yalichanganywa na kijiko kikubwa cha mafuta ya karanga, kisha mgonjwa akasuguliwa. Wachimbaji waliotoka upande wa Katoro, migongo imekakamaa kwa kuinama mashimoni, walisema usingizi wao ulirudi. Alifurahi, ila hakukubali sifa zilizozidi. "Yanatuliza," alikuwa akisema. "Hayaponyi homa ya mapafu. Anayehema mbiombio aende kwa daktari, asije kwangu."

Sasa nieleze jambo ambalo mwenyewe ameomba lisifichwe.

Miaka ile chupa zilikuwa adimu, na kila mtu alijaziwa mafuta katika chupa aliyokuja nayo. Mwaka 1978 Paskazia, mkulima wa pamba wa kijiji jirani, alijaziwa katika chupa ya soda. Binti yake Mbuke, mwenye miaka mitatu, aliiona, akadhani ni soda, akanywa. Walipomfikisha getini kwa baiskeli, shangazi yake alikuwa akimtia vidole kooni atapike. Mama Silvesta alitoka mbio, nami nilikuwa nyuma yake.

"Acheni. Msimtapishe," alisema. "Yakirudi juu yataingia mapafuni."

"Na yakibaki tumboni?" shangazi aliuliza.

"Daktari yupo. Nipe mtoto."

Mbuke alikohoa na kuhema kwa shida siku tatu. Siku zote hizo Mama Silvesta alimaliza zamu, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mtoto, hali chakula cha maana. Siku ya nne mtoto aliomba uji. Paskazia akamwambia, "Mama, usijilaumu. Chupa niliileta mimi."

"Uliileta wewe," alijibu. "Niliyeijaza ni mimi."

Jumatatu yake alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akasema kosa ni lake, akaomba ruhusa ya kuyarudisha mafuta yote. Kwa wiki tatu alizunguka vijiji kwa miguu na baiskeli, nyumba kwa nyumba. Wapo waliokuwa wameficha chupa zao chini ya kitanda wakihofu kunyang'anywa. Aliketi nao mpaka wakazitoa.

Tangu hapo hakuna aliyepata mafuta yale nje ya chupa ndogo ya kahawia yenye kifuniko cha kukaza, iliyochorwa mdomo uliopigwa mstari, kwa ajili ya wasiosoma. Aliandika pia mwezi yalipotengenezwa, kwa kuwa aligundua kwamba mafuta yaliyokaa sana na kuingiwa na hewa huwasha ngozi. Yaliyopita mwaka aliyamwaga. Hayapakwi ngozini bila kuchanganywa. Hayakaribii moto. Watoto wadogo na wenye pumu hawajifukizi nayo, na mjamzito huuliza kwanza. Sheria hizi tumezisikia mpaka tunaziota, na kwa miaka minane hatujapokea mtoto mwingine aliyeyanywa.

Anahamia Buseresere kwa mwanawe Silvesta, ambako ametengewa shamba la karanga. Pipa linabaki kwa Stanslaus, mwanafunzi wake, ambaye alimfundisha miaka mitano na kumruhusu kuchanganya peke yake katika mwaka wa sita.

Mama Silvesta, tunakushukuru kwa viungo ulivyolainisha na vifua ulivyofungua. Zaidi ya hayo, tunakushukuru kwa kusema "ni mimi" mbele ya watu, siku ambayo kila mmoja wetu angekuelewa kama ungenyamaza. Nenda salama, ule karanga zako kwa raha, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na mepesi.

Bartholomeo Mageni,
muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote