Jezi ya Wesonga Haiendi Bungoma

Mheshimiwa Diwani, Mzee Zadock mwenyekiti wetu, Kocha Abdulrahman, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wachezaji wangu, hamjambo? Baba Wesonga anawasalimu, mguu bado unamsumbua. Mama mkwe anawasalimu. Wanangu Dolphine na Naswa wanawasalimu. Kifungua mimba wangu, Wesonga, hajatuma salamu. Amelala nyumbani, amejifunika blanketi mchana.

Nimeitwa kukabidhi jezi mpya kwa sababu miaka tisa nimefua zile za zamani. Hizi mpya nimezitoa zote isipokuwa namba saba, ya Wesonga. Hii siiachi.

Klabu yetu ya Kaloleni iliiga klabu ya Wabaski wa Bilbao, kule Hispania. Dolphine amenisomea habari zao kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Mpira waliletewa na Waingereza wa meli, wakaufanya wao. Wakasema, hapa atacheza mtoto wa kwetu. Dikteta wa Hispania akawalazimisha kubadilisha jina la timu. Jina likabadilika, watu wakabaki walewale. Hawajawahi kushuka daraja mpaka leo! Nani hapa hapendi hiyo?

Lakini kamati yetu ilisoma sheria yao nusu. Jumanne mlimtoa Wesonga kwenye timu kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kinasema Bungoma. Ndiyo, nilienda kujifungulia kwa mama yangu, ilikuwa mimba ya kwanza. Mtoto alirudi hapa na miezi miwili. Na mpira alifunzwa na nani, si huyu Abdulrahman? Bilbao wanauliza pia umelelewa wapi, umefunzwa wapi. Wamecheza kwao hata watoto ambao wazazi wao walitoka Ghana.

Nilipomwambia Mzee Zadock hivyo, alicheka. "Mama Wesonga, basi akachezee Bungoma."

Nikamwambia, "Mzee, na wewe si ulizaliwa Siaya kwa nyanya yako? Hicho kiti cha mwenyekiti utakipeleka huko lini?"

Msicheke, akina mama. Mzee, nakuheshimu, lakini kwa hili sinyamazi. Tukianza kukagua vyeti, uwanjani atabaki kipa peke yake, na hata yeye mama yake alimzalia njiani akienda hospitali.

Naogopa, sitawaficha. Kijana akiambiwa si wa kwenu, siku moja ataamini. Mechi ni Jumamosi. Sitaki kungoja barua ya kamati mwezi ujao. Mzee, nipe neno sasa hivi, mbele ya hawa watu, kwa sababu nikifungua mlango wa nyumbani Wesonga ataniuliza kitu kimoja tu: anacheza au hachezi.

Asanteni kwa kunivumilia. Nimesimama hapa, nangoja.