Mwalimu Mbinya na Tanuru la Chokaa la Kambu

Kwa niaba ya familia, na kwa shukrani kwenu mliofika kutoka Tseikuru hadi Mtito Andei, haya ndiyo maisha ya Mwalimu Mbinya Kiema.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1944 huko Tseikuru, kifungua mimba wa mzee Kiema, mfugaji, aliyeuza ng'ombe wawili ili bintiye asome. Alianza shule mwaka 1952, akaingia chuo kikuu jijini Nairobi mwaka 1965, akahitimu kemia, na Januari 1969 akaja kufundisha hapa Kambu, katika shule ya harambee isiyo na maabara.

Mwaka 1972 afisa wa elimu alisema bila maabara iliyokamilika hakuna mtahiniwa wa kemia, na chokaa ya kujengea ilikuwa imegoma: mara mbili wazazi walikata kuni, mara mbili fundi Mwangangi akachoma mawe ya chokaa tanurini, na mawe yakatoka mawe vilevile. Watu wakasema mawe ni mabaya. Mwalimu akaeleza kwamba jiwe hunywa joto ili livunjike, hiyo ndiyo enthalpi, nalo peke yake halitaki, lakini likivunjika hutoa hewa inayotawanyika, hiyo ndiyo entropi, na kadiri moto unavyopanda ndivyo kutawanyika kunavyopata nguvu, mpaka jiwe livunjike lenyewe. Aligawa enthalpi kwa entropi, akapata joto ambalo moto ulipaswa kulifikia: digrii Selsiasi mia nane na arobaini.

"Mwalimu, moto hujulikana kwa jicho, si kwa kalamu," fundi alimwambia.

"Basi jicho lilipokosa, kalamu isaidie," akajibu.

Wazazi, wakiwa wamechoka, wakakata kuni mara ya tatu, Mwangangi akainua ukuta wa tanuru, akatoboa matundu ya hewa, akachochea mpaka mawe yakawa mekundu ya kung'aa, na yalipomwagiwa maji yakachemka na kuwa unga mweupe. Maabara ikakamilika, na mwaka uliofuata watahiniwa kumi na mmoja walifanya kemia.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi huyo, wakajaliwa Mutindi na Mulei.

Machi 1996 aligunduliwa kuwa na saratani, na tarehe 9 Agosti akatuaga hospitalini Makindu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioteka maji, walimu wenzake waliochukua vipindi vyake, na Mzee Mwangangi, ambaye kwa miezi mitano alimkorogea uji kwa mkono wake mwenyewe na hakukubali kupokewa mwiko.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, umetufaa.