Kazi Aliyoifanya Mercyline Changawa

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mercyline Changawa anatimiza miaka kumi na saba na miezi miwili katika Maghala ya Tausi, Changamwe, na siku hiyo hiyo anastaafu. Ana umri wa miaka thelathini na tisa. Mimi, Ghalib, ambaye meza yangu imepakana na yake muda wote huo, nimeombwa na ofisi niandike wasifu wake kwa jarida letu, tena niuandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alikuja Septemba 2008 kutoka kwao Mikindani, mrefu wa futi sita na inchi mbili, na barua ya ajira iliyosema "karani wa ghala". Sote tulijua hakuletwa kuandika. Kampuni ilitaka timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, lakini katika orodha ya vyeo vyetu hapakuwa na cheo cha mchezaji. Basi wasichana kumi na wawili wakapewa ukarani, na makarani wenyewe tukagawana kazi zao. Kila asubuhi nilitia saini yangu kwenye daftari la mahudhurio, kisha nikatia ya Mercyline, naye huyoo, keshafika uwanjani kwa kocha Kyalo. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Na alicheza, jamani! Tulichukua ubingwa wa Pwani mara sita, na mara zote sita alisimama chini ya kikapu akinyakua kila mpira uliorudi. Katika fainali ya kombe la makampuni kule Nakuru mwaka 2014 kidole chake kiliteguka katika robo ya tatu. Kocha Kyalo, mtu wa Machakos asiyejua kubembeleza, alikivuta kikarudi mahali pake, akamfokea mbele ya watu wote: "Hicho ni kidole tu, Changawa! Uko na vingine tisa!" Mercyline akarudi uwanjani, akafunga pointi kumi na moja. Tulishinda kwa mbili.

Vituko vyake ni vingi. Viatu vya kike vya kumtosha havikupatikana Mombasa nzima, hata wauza mitumba wa Kongowea wakawa wakimwona kwa mbali wanamwekea vya wanaume. Humu ghalani, siku alizopita kutusalimu, hatukuhitaji ngazi. Na zikifika saa kumi jioni, madereva wa malori waliokuwa wakigomba tangu asubuhi kwamba tunawachelewesha walikwenda uwanjani kumtazama, ikabidi sisi ndio tuwasubiri wao.

Goti la kushoto lilipasuliwa mara mbili. Mara ya pili daktari alimwambia apumzike mwaka mzima. Alipumzika miezi minne, kwa sababu timu ilikuwa na ligi.

Januari mwaka huu tangazo lilibandikwa mlangoni: timu imevunjwa. Wenzake wengi walikuwa wameshaondoka zamani, wengine wameolewa, wengine wamekwenda Nairobi. Mercyline aliambiwa arudi kwenye kazi yake ya ukarani. Arudi! Hakuwahi kuifanya hata siku moja. Alikaa kwenye kile kiti, magoti yakigonga meza, akaitazama kompyuta kama mtu aliyeletewa mgonjwa ilhali si daktari. Kuniuliza aliona haya, nami niliona haya kumfundisha mbele ya watu, mtu ambaye daftari linasema ana miaka kumi na sita kazini. Nikawa nafanya kazi yake saa ya chakula, kwa kificho. Huo ndio uliokuwa wema wangu wa pili, na ulimponza kuliko wa kwanza.

Mwezi Mei nilikuwa likizo. Siku ya tatu Mercyline aliidhinisha magunia mia mbili ya mchele yapakiwe kwenye lori lililokuja kuchukua sukari. Meneja mpya alilifungua daftari, akaona saini za miaka yote zimekamilika, akauliza inakuwaje karani mkongwe hivi asijue kuandika hati ya kutolea mzigo. Hakuna aliyemjibu. Nami niliporudi sikumjibu. Mercyline akashauriwa astaafu mapema, kwa hiari yake.

Kuna shule moja ya Mishomoroni iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa michezo. Walimpenda. Walichotaka ni barua tu kutoka kwa mwajiri ya kuthibitisha kwamba alicheza. Ofisi yetu ilimpa barua nzuri yenye muhuri, ikisema amekuwa karani wa ghala kwa miaka kumi na saba. Alirudi kuomba nyingine. Akaambiwa kwa heshima kwamba kampuni haijawahi kuajiri mchezaji. Shule ilimngoja mpaka mwisho wa Septemba, kisha ikamchukua mtu mwingine.

Juma lililopita alikuja mezani kwangu. Akasema: "Kaka Ghalib, sitaki makubwa mimi. Niandikie tu kwamba nilikuwa nacheza."

Basi naandika. Mercyline Changawa alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa Maghala ya Tausi, kuanzia Septemba 2008 hadi Januari 2025. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, aliifanya kila siku, na hakuna aliyewahi kuifanya vizuri kumpita. Anayetaka ushahidi aje aniulize mimi.

Jarida hili halina muhuri, na limechelewa mwezi mzima. Asante, dada, kwa yote uliyotufanyia. Tunakuombea afya ya magoti na siku za amani huko Mikindani. Zaidi ya hapo, wallahi, hatuna cha kukupa.