Komunyo ya Angelina

DATIVA: Haloo? Naongea na nani mwenzangu?

LUKELO: Mimi, mama Angelina. Hamjambo hapo Ifakara?

DATIVA: Baba Angelina. Hatujambo.

LUKELO: Unanipata? Nimepanda juu ya kichuguu, ndipo mtandao unaposhika. Huku porini, nyuma ya kijiji cha Michenga, niko na wanyama ninaowahesabu tu. Wiki tatu sijasikia mtu akiniita jina.

DATIVA: Na Joachim mwenzako?

LUKELO: Malaria imemrudisha mjini. Kambi yenyewe ina watafiti wawili, mmoja akiugua, wa pili anaongea na miti. Sikia, mtumbwi nimepata. Kesho jioni nafika, Jumapili tunaingia kanisani wote. Gauni limeshashonwa?

DATIVA: Gauni gani?

LUKELO: La komunyo ya kwanza ya Angelina, jamani.

DATIVA: Lukelo, leo siku gani?

LUKELO: Ijumaa.

DATIVA: Nani kakwambia?

LUKELO: Kamera. Hiki kisimu changu cha tochi kiliisha chaji, mvua hizi sola haifui dafu. Kilipowaka kikaniambia Januari mosi. Basi natazama tarehe kwenye kamera tulizofunga mitini, zinazopiga picha wanyama.

DATIVA: Na kamera nani anaziwekea tarehe?

LUKELO: Mimi, nikibadilisha betri. Nilihesabu kwa vidole, nika— Leo siku gani, Dativa?

DATIVA: Jumatatu. Komunyo ilikuwa jana.

[mtandao unakwaruza]

LUKELO: Jana nilikuwa nafua shati la kuja nalo.

DATIVA: Nimekupigia mpaka nikachoka, hupatikani. Kanisani mzee Nazari alitaka kukaa kwenye benchi letu, mtoto akamwambia hapo pa baba. Misa nzima anageukia mlangoni.

LUKELO: Yesu wangu.

DATIVA: Nilikukasirikia, sikufichi. Sasa nakuonea huruma, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Yaani mtu ukose hata wa kukwambia leo Jumatatu?

LUKELO: Upweke umenishinda, mama Angelina. Nilikuwa naona aibu kusema. Hebu mpe simu, vocha inaisha.

DATIVA: Yupo hapa anakula. Angelina, baba yako huyu—

LUKELO: Haloo? Angelina? Shikamoo iko wapi, mama?

DATIVA: Bado ni mimi.

LUKELO: Kasemaje?

DATIVA: Kasema nikwambie hayupo.

LUKELO: Nimeisikia sauti yake. Haya, kwaheri, mwambie na—

[Simu imekatika.]