Mbuzi wa Baba na Kibuyu cha Igizo

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa na ninyi mliosimama mlangoni!

Nianze na mbuzi. Kule Mhezi, nikiwa mdogo, mbuzi wa baba aliingiza kichwa kwenye pipa la dengelua, ile pombe yetu ya miwa, akanywa mpaka akasahau ana miguu mingapi. Akawa anatembea kwa heshima kama mzee wa kanisa, halafu ghafla anakaa. Tulicheka! Baba hakucheka, pombe ilikuwa ya posa ya dada. Basi, tumwache mbuzi, atarudi.

Miaka ile ya foleni za sabuni niliingia kikundi cha maigizo pale Same. Mimi ni wa darasa la pili, karatasi sisomi, kwa hiyo nikapewa kuwa jirani mlevi, wa kupita nyuma ya wakubwa na kuanguka. Kiongozi wetu, kaka Nathani, alinijazia kibuyu dengelua ya kweli. "Kunywa, dada, watu wacheke." Wakacheka, kila shamba la mkonge tulikopita kuigiza! Halafu biashara zikafunguliwa, bia ikajaa kila duka, na mimi nikawa mlevi hata siku zisizo na igizo. Ndugu zangu, nimelala mtaroni! Watu wakadhani naigiza, wakanipigia makofi.

Siku moja tukacheza Maore, kule bondeni. Mama yangu akatelemka mlimani kunitazama, mara ya kwanza. Nikaanguka, nikashindwa kuinuka. Uwanja wote kicheko. Mama akaja, akanifunika miguu kwa kanga yake. "Mwanangu, kesho mnacheza tena. Nitakaa palepale."

Asubuhi nikapiga magoti: Yesu, nisaidie nisinywe, leo tu! Nikajaza kibuyu maji. Nathani akanusa, akafoka, "Wewe bila pombe ni nani? Watakuzomea!"

Nikapanda jukwaani na maji yangu. Ndipo Bwana akanikumbusha yule mbuzi! Nikatembea kwa heshima, ghafla nikakaa. Watu walicheka hadi machozi, na mama yangu ameshika mbavu! Tangu hapo sijaonja tena, na nimeigiza jirani, mama mkwe, mpaka maiti, miaka mingi.

Asante Yesu! Nawe wa nyuma pale, unayeficha kibuyu chako, mwambie leo tu. Anasikia.

Nathani siku ile alisimama pembeni na galoni lake la dengelua. Nikamwita, "Kaka, njoo nawe!"

"Sasa hii atainywa nani?" akasema. Akalitia begani, akashika njia ya katikati ya mikonge, na hakurudi tena.