Kumwombea Hodan Mwaka wa Pili

Mgeni rasmi, Mama Nyambu, msimamizi wa Ufadhili wa Wachoraji Chipukizi wa Kisomali. Mwalimu wetu Mzee Wabwile. Wazazi, majirani, na nyinyi wa stendi mliokuja kwa sababu ya soda: hamjambo nyote.

KARIBU KITALE

Mama, umetoka Nairobi na mvua yote hii, na viatu vyako vimeshika matope kama vyetu. Tumefurahi mpaka basi. Sisi tuliambiwa wageni rasmi huchelewa, kwa hivyo umetukuta bado tunapaka kiti chako rangi. Tafadhali usiegemee.

TULIKOTOKA

Mwaka jana, 2006, ufadhili wako ulileta vijana wanne wa Kisomali kutoka Kitale na Bungoma, wafundishwe na Mzee Wabwile kuchora mabango na kuta. Sisi wengine, Wabukusu na Wakikuyu, tulikuwa hapa tayari, na tuseme ukweli, tuliwanunia. Tulisema, "Ati hawa watoto wa maduka wanataka nini na brashi?" Kumbe mmoja wao, Hodan Warsame, amekuwa akiwachora maharusi hina tangu utotoni. Siku ya kwanza alichora maua mlango mzima bila penseli wala rula. Mzee Wabwile alivuta kiti akakaa kumtazama. Tukaacha kununa.

MAFANIKIO

Hodan ametufundisha desturi ya kwao: duka huchorwa ukutani kila kinachouzwa ndani, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Leo kutoka Kiminini mpaka Kanduyi utaona sukari, taa, viatu na sufuria zimejaa kwenye kuta. Kinyozi mmoja anasema wateja wake hawaelezi tena, wananyosha tu kidole ukutani: "Nataka kichwa kile."

Makosa pia yapo. Mwenzetu Liban, mmoja wa wale wanne, alipewa ukuta wa bucha ya Bwana Kimotho, achore fahali. Liban alikuwa hajawahi kumtazama ng'ombe kwa makini. Akamchora kwa mapenzi kabisa: shingo ndefu, kope ndefu, nundu katikati ya mgongo. Bwana Kimotho alitoka nje na kisu mkononi. "Hii ni ng'ombe ama ni ngamia, bana?" Wazee wa Kibukusu, ambao kwa fahali huwadanganyi, walicheka mpaka wakashika ukuta, na rangi ilikuwa bado mbichi. Lakini kufikia jioni watu walikuwa wanaulizia nyama ya ngamia, na sasa Bwana Kimotho hataki picha ifutwe. Liban naye tunamtuma mnadani kila wiki akatazame ng'ombe.

CHANGAMOTO

Paa linavuja na rangi imepanda bei. Hayo tuyaache. Linalotunyima raha ni moja.

Ufadhili umemchagua Hodan kwa mwaka wa pili. Lakini Mzee Diriye, baba yake mdogo aliyemlea, amesema Jumamosi anampeleka Garissa akakae dukani kwa shangazi yake. Kosa ni letu, Mama. Habari ya kuchaguliwa ilipofika tulipiga vigelegele, tukamtuma Hodan mwenyewe akaombe ruhusa. Mzee akamuuliza, "Unajiombea mwenyewe? Kwani huna watu?" Hodan alirudi akakaa kando ya makopo ya rangi akalia, na sisi tukalia naye. Hata kwetu Bungoma msichana hajiombei jambo kubwa. Tulijua, ila furaha ilitupofusha.

Kesho yake Mzee Wabwile alienda. Alipokewa vizuri, akapewa chai, akaambiwa: "Wewe ni jirani, nawe sina neno. Lakini huyo anayemtaka mtoto wangu ni nani? Mbona sijamwona uso?"

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika mabati, tangi la maji na ngazi mpya. Leo asubuhi tumekubaliana kuyafuta yote. Tunaomba hili tu: hotuba yako ikiisha, kabla ya chakula, inuka twende kwa Mzee Diriye. Ni hapo nyuma ya posta. Usibebe karatasi yoyote. Ukikaribishwa, keti. Chai ni tamu kupita kiasi, lakini uimalize. Uliza habari za watoto, za mifugo, za mvua. Usiharakishe. Akikuuliza kilichokuleta, hapo ndipo useme. Hodan atabaki hapa, maana anayeombewa hakai kwenye maombi yake. Liban atatafsiri pale Kiswahili cha Mzee kitakapoishia, na pale chetu kitakapoishia pia.

Mama, tunampenda msichana huyu. Akienda, tutachora, lakini hatutacheka tena hivi. Mwenyezi Mungu akulainishie maneno, aulainishe na moyo wa Mzee, aibariki nyumba yake na yako.

Sisi hatutaingia, nyumba ni ndogo. Tutasimama mlangoni, wote, Wabukusu, Wakikuyu na Wasomali, na nguo zetu za kazi zenye rangi. Mzee akitaka kuwaona watu wa Hodan, mwombe tu ageuke.

Ni sisi,
Kundi la Wachoraji wa Ukutani, Kitale na Bungoma.
Msomaji: Wilkista Nekoye, katibu.