Nguo ya Harusi ya Filoména Bútorová Iliyokwenda Sinema

Baba Paroko, majirani wa Vyšná Lipová, ndugu mliosafiri kutoka Brezno na wengine kutoka mbali kama Brno: leo Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, tunamrudisha kwa Mungu mama yetu Filoména. Maisha yake tutayaeleza kadiri tunavyoyafahamu. Yapo mambo ambayo hata sisi wa nyumbani hayakutuingia akilini vizuri, na hatutajifanya tumeyaelewa kwa kuwa tu hayupo wa kutusahihisha.

Filoména alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 hapa kijijini, binti wa kwanza wa Jozef na Judita Havaš. Theluji ilikuwa imefika madirishani, mkunga akaletwa kwa sleji ya kubebea magogo. Baba yake alikuwa mkata miti. Mama yake, Judita, alijulikana bonde zima kwa kutarizi. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Žofia, ambaye mnamwona hapa mbele na rozari yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Lipová hadi mwaka 1961, kisha shule ya mapishi mjini Brezno, akahitimu 1963. Njia ya shule ya hapa kijijini ilikuwa ndefu, na wakati wa baridi alimbeba Žofia mgongoni. Žofia huko mgongoni alikuwa akila mkate wa dada yake, na Filoména alikuja kugundua siku ya Kwaresima aliyotaka kufunga. Alipofungua mfuko akakuta Mungu ameshamsaidia.

Septemba 1963 aliajiriwa katika jiko la kiwanda cha chuma, akafanya kazi humo mpaka kustaafu mwaka 2001. Wafanyakazi walipenda viazi vyake vya kusongwa kwa jibini la kondoo, lakini walilalamika kwamba foleni haisogei, kwa sababu aliyekuwa akipakua alikuwa pia akisimulia filamu.

"Filka, supu inapoa!"

"Itapoa kwani ina haraka? Subiri kwanza, yule baba alikuwa hajajua kama mwanawe kafa."

"Kafa?"

"Ndiyo. Haya, sahani."

Hayo ya filamu yalianzia kwenye ndoa yake. Filoména alifunga ndoa na Ondrej Bútora, fundi wa reli, tarehe 8 Oktoba 1966 katika kanisa hili. Alivaa nguo iliyotariziwa na mama yake kwa majira matatu ya baridi: blauzi nyeupe, kizibao chekundu, aproni ya kijani na kofia ya bibi harusi. Nyote mnajua desturi yetu. Nguo ambayo mwanamke ameolewa nayo hukunjwa, huwekwa kashani pamoja na majani makavu ya mnanaa, na hiyo ndiyo huzikwa nayo.

Julai 1968 kilikuja kikosi cha wapiga filamu, wakaweka kambi kwenye malisho ya juu. Msichana mmoja aliyevaa suruali alipita nyumba kwa nyumba akitafuta nguo ya bibi harusi ya kumvalisha mwigizaji.

"Dada, tunaazima tu," alimwambia Filoména. "Utakuwa umeipata kabla ya Watakatifu Wote."

Judita alikuwa jikoni. "Mtu huazima sufuria," alisema. "Haazimi nguo ya kuzikiwa."

"Mama, nchi nzima itaiona kazi ya mikono yako!"

Filoména akaitoa. Mwezi uliofuata vifaru vya majeshi ya kigeni vikaingia nchini, na asubuhi hiyohiyo kikosi kikapakia vitu vyake na kuondoka. Nguo ikaondoka nayo. Baadaye ilisikika kwamba filamu ilikamilika lakini ikafungiwa, isionyeshwe popote. Jina lake hakuna aliyelijua. Dereva wao alikuwa akiiita hivi, mpishi wao vile, na watu walisema mwishoni lilibadilishwa tena.

"Sasa utazikwa na nini?" Judita alimuuliza bintiye.

"Mama, nina miaka ishirini na miwili."

"Sikukuuliza umri."

Tangu siku hiyo kila ilipohubiriwa habari ya yule mgeni aliyeingia karamuni bila vazi la harusi, Judita aligeuka kanisani akamtazama Filoména. Paroko wa wakati huo alieleza kwamba vazi lile ni hali ya roho, si kitambaa. Judita alimsikiliza kwa heshima, akajibu kwamba Padre hajui kutarizi. Alifariki mwaka 1977, akazikwa na nguo yake. Filoména alilia kaburini, na watu wa karibu walijua analilia mambo mawili.

Aliamua kuitafuta nguo yake. Alijiambia kwamba filamu imefungiwa lakini nguo haikufungiwa, huenda wamemvalisha mwigizaji mwingine katika filamu nyingine. Kwa hiyo kila ilipoonyeshwa filamu ya Kicheki au ya Kislovakia mjini Brezno, alikwenda, na Ondrej alikwenda naye kwa kuwa hakutaka arudi peke yake. Walikuwa wakizungumza ndani ya treni ya kurudi.

"Hivi yule mzee alikufa kwa nini?" Ondrej aliuliza.

"Mzee gani?"

"Aliyezikwa! Filamu nzima ilikuwa juu yake!"

"Mimi nilikuwa naangalia kola za wale wanawake nyuma ya jeneza. Ni za Liptov. Na aproni ni za huku. Wamechanganya kama saladi."

Hivyo ndivyo alivyotazama filamu kwa miaka mingi, na watoto wake walidhani ndivyo zinavyotazamwa. Mwanawe Vendelín alipigwa na mwalimu alipoulizwa filamu ya shule imehusu nini, akajibu, "Vifungo."

Kisha kikatokea kitu ambacho hata yeye hakuweza kukieleza. Majira ya baridi ya mwaka 1983 ilionyeshwa filamu moja ya zamani ya Kicheki, ya watu wa Praha, isiyo na darizi hata la leso. Ilimhusu mzee mwendesha tramu ambaye siku ya kustaafu anawapitisha abiria vituo vyao vyote, na hakuna anayelalamika. Filoména alirudi nyumbani macho yamevimba, huku anacheka. Binti yake Terézia alimvua koti.

"Mama, umeiona nguo?"

"Hapana. Saa nzima na nusu sikutazama hata kifungo." Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. "Sijui nimepatwa na nini."

Wiki iliyofuata alitaka kurudi kuitazama ileile. Ondrej alishangaa sana.

"Mama Terézia, mwendesha tramu atavaa aproni ya bibi harusi?"

"Hatavaa."

"Sasa huko unatafuta nini?"

"Sijui, Ondrej. Vaa kofia, tutachelewa treni."

Alifadhaika, maana aliona kama amemwacha mama yake. Alikwenda kuungama. Paroko aliuliza kosa ni nini, na Filoména akasema kwamba amekwenda kutafuta kitu cha marehemu akajikuta anafurahi. Paroko akamuuliza filamu yenyewe ni ipi. Alipotajiwa, akasema hata yeye alilia pale abiria wanapovua kofia. Kisha akampa sala za malipizi, na Filoména hakujua ni za kulia au za kucheka.

Baada ya utawala kuanguka mwaka 1989 zile filamu zilizofungiwa zilianza kutolewa. Brezno kukawa na klabu ya filamu kila Alhamisi, na Filoména alikaa mstari wa mbele. Aliziona karibu zote, nyingine mara nyingi kuliko tulivyoweza kumvumilia. Alizipenda za Kicheki kwa namna yake. "Wacheki," alisema, "wanakuketisha mezani, wanakuchekesha, halafu ukishashiba ndiyo unagundua ulikuwa msiba. Sisi tunaanza na msiba, halafu kondoo anaingia kanisani." Alipenda filamu ambazo uso wa mtu unakaa mbele yako mpaka umzoee kama jirani. Lakini kila mara kabla ya kutoka alisema anakwenda kutafuta nguo. Tukauliza kama bado anaitafuta kweli. Siku nyingine alijibu ndiyo, siku nyingine alikasirika.

Jumamosi, tarehe 18 Julai 2009, filamu yenyewe, ile iliyopigwa kwenye malisho yetu, ililetwa hapa kwenye nyumba ya utamaduni. Wengi wenu mlikuwepo. Taa zikazimwa. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ilimhusu msichana anayeozwa kwa nguvu, naye anatoroka kabla hajavishwa kofia, anakimbia malisho yote mpaka mtoni, anaingia majini na viatu mkononi, anageuka kuitazama nyumba.

"Filka!" Žofia alipiga kelele ukumbi mzima ukasikia. "Kizibao! Kizibao cha mama!"

"Nyamaza wewe, tuone kama atavuka."

"Wamekitia matope, Filka!"

"Žofia, nitakutoa nje!"

Filamu ikaishia hapo, msichana yumo majini. Taa zilipowaka, Filoména alimgeukia Ondrej, akamgeukia Terézia, akawageukia watu wasiomhusu. "Amevuka? Nani ameona kama amevuka?"

"Nguo umeiona?" Žofia alimuuliza.

"Nguo gani?"

"Nguo gani! Umeizungukia nchi nzima miaka yote hii, inapita mbele ya pua yako, unaniuliza nguo gani!"

Filoména aliziba mdomo kwa mkono. "Nilikuwa namtazama uso," alisema.

Kina mama wa ukumbini walianza kubishana. Wengine walisema kizibao ni chetu lakini aproni ni ya Dolná Lipová. Wengine walisema hata kizibao si chetu. Kwa kuwa filamu haikuwa na rangi, kijani hakikuweza kutoa ushahidi. Terézia alimnunulia mama yake diski ya filamu hiyo, akaitazama nyumbani kila Jumapili baada ya Misa. Jumapili moja alisema ni yake, iliyofuata akasema si yake. Kila alipofika pale mtoni alisahau kuangalia nguo, na ikabidi arudishe nyuma, na akirudisha alisahau tena. Ondrej alimwachia swali hilo alipofariki tarehe 3 Machi 2016. Alisema yeye anaona msichana alivuka.

Moyo wa Filoména ulianza kumsumbua Februari 2022. Alilazwa mara mbili Banská Bystrica, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Oktoba mwaka huu alishindwa kuinuka. Alipokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na akili zake zote. Terézia alikusanya ujasiri akamuuliza juu ya nguo.

"Nivisheni yangu," alisema.

"Ipi, mama? Yako haipo."

Akaonyesha televisheni kwa kidole. Kesho yake alisema tumvishe chochote, mradi kola isimbane shingo. Siku iliyofuata alisema tena, "Yangu." Hatukujua tumsikie Filoména wa siku gani. Alifariki kwa utulivu Alhamisi, tarehe 9 Novemba, saa tisa alasiri, tukiwa katikati ya rozari.

Terézia alitandaza kitandani kila gauni la mama yake, akabaki amesimama. Alijiuliza kama bibi yake Judita alikuwa na haki, na mama yake sasa anafika huko mbele akiwa amevaa gauni la dukani. Alijua Paroko angesema nini. Hilo halikumsaidia.

Ndipo Žofia akaingia na furushi kubwa la kitambaa, akalifungua bila salamu. Ndani mlikuwa na blauzi, kizibao, aproni na kofia, vyote vinanukia mnanaa. Ilikuwa nguo yake mwenyewe ya harusi ya mwaka 1970.

"Mkono ni uleule wa mama yetu," alisema. "Mvisheni."

"Na wewe, mama mdogo? Wewe utazikwa na nini?"

"Mimi nina sindano."

"Macho yako hayaoni hata tundu la sindano."

"Utanitungia uzi wewe. Haya, inua mkono wake. Taratibu."

Wakamvisha wawili hao. Kizibao kilimpwaya kidogo, Žofia akakikunja mgongoni ambako hakuna atakayeona, akamfunga aproni kwa fundo la bibi harusi. Kama tumekosea, Mungu atuelewe.

Filoména ameacha binti mmoja, Terézia, na mumewe Blažej, mwana mmoja, Vendelín, na mkewe Šarlota, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, na mdogo wake Žofia, ambaye jana tulimkuta dirishani na kitambaa cheupe magotini, akimwita mjukuu yeyote aliye karibu aje amtungie uzi.

Ee Bwana, mpumzishe mtumishi wako Filoména katika amani yako, isiyohitaji kuulizwa maswali. Amina.